Siku ya Boga ya Marehemu Bibi

Jumatano, 27 Novemba

Ukungu umeshuka tena kutoka mlimani. Lango langu silioni. Nimekaa kitandani na maboga. Ndiyo, kitandani. Kwingine kumejaa.

Yapo darini. Yapo chini ya meza. Yapo kwenye beseni la kuogea, nikitaka kuoga lazima niyaombe radhi. Moja kubwa nimelikalisha kwenye kiti, tunakunywa chai pamoja. Halina ubishi.

Kosa si langu. Mwezi wa nne kuna jamaa pale sokoni mjini alinambia siku hizi watu wa mjini wanayatoboa maboga macho na kuyaweka mlangoni, tena wanalipa vizuri. Nikapanda ua mzima, mpaka juu ya kaburi la mbwa. Oktoba nikayapakia, nikaenda. Looo! Kumbe yule jamaa aliwaambia wote! Soko zima rangi ya machungwa. Nikarudi na maboga yangu yote, na moja la ziada nililopewa na mtu aliyenionea huruma.

Leo nimeitazama sana kalenda ya kanisa pale ukutani. Kila kiumbe kina siku yake! Panya wana yao, wanawake hawashiki sindano siku hiyo wasije wakatafuniwa nguo. Mbwa mwitu wana zao, tena si moja. Jumamosi hii ni ya dubu. DUBU! Halafu Varvara, halafu Sava, halafu Mtakatifu Nikola na samaki wake. Zapryan hayupo. Mama alinipa jina hili kwa sababu maana yake ni "basi, inatosha", alitaka watoto wakome. Wakaja wengine wanne. Jina halikufanya kazi, na mtakatifu halina.

Na kwetu siku ya jina, yaani siku ya mtakatifu unayeitwa kwa jina lake, ndiyo siku. Hualiki mtu. Unaacha mlango wazi, anayekuja anakuja, unamlisha. Nyumbani kwa Kolyo mwenye bwawa, siku ya Nikola, watu wanakaa mpaka kwenye ngazi. Kwangu mimi, tangu nizaliwe, aliyewahi kubisha hodi ni mtu wa umeme. Naye alikuja kukata.

Na kuna hili lingine. Tsonka wa tanuri la mikate anahama. Siku ya Nikola ikipita tu, anazima tanuri, anakwenda kwa binti yake katika mji wa Burgas. Kasema watu wote wananunua mkate wa kwenye nailoni, yeye anaoka kwa ajili ya nani? Nilikuwa nimesimama mbele yake. Nilitaka kusema, kwa ajili yangu. Nikasema nipe mmoja, ule ulioungua kidogo.

Nikarudi. Nikalitazama boga la kwenye kiti. Nalo likanitazama. Wazo likaja lenyewe, polepole, kama paka anavyoingia jikoni.

Siku ya Boga!

Watu wananunua maboga yangu. Wanayapeleka kwa Tsonka kuoka. Tanuri linawaka kutwa. Mwanamke anaona anahitajika. Anabaki. Nami napata kitanda changu.

Mimi ni mtu hatari.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimekwenda dukani. Pale nje kwenye benchi hukaa Bibi Stamena na wenzake wawili. Bibi Stamena ndiye redio ya kijiji. Ukimwambia neno asubuhi, mchana linakurudia limeshavaa koti na kofia.

Nikasimama mbele yao, nikashusha pumzi ndefu. Akauliza, we Zapryan, mbona unahema kama ng'ombe aliyefiwa? Nikamwambia namkumbuka marehemu bibi yangu. Jumanne ijayo ni ile Siku ya Boga yake. Watu wa siku hizi wameisahau kabisa.

Macho yake yakaenda mbali. Nikajua nimekamatwa.

Akapiga paja. Ehee! Siku ya Boga! Na mimi najiuliza mwaka mzima ni kitu gani kinanikosesha usingizi!

Nikaendelea, huku nazua njiani. Boga la kwako halifai, lazima ununue la ua mwingine. Na jiko la umeme halifai, lazima tanuri la kuni. Ukila siku hiyo, baridi haikuumi vidole mpaka majani yachipue. Bibi Stamena akasema, na magoti. Nikasema, magoti hasa!

Jioni nikapita tena. Alikuwa amekumbuka wimbo. Wimbo! Akauimba kwa ile sauti yake inayotetemeka, kuhusu msichana aliyelifunika boga lake kwa shali ili lisishikwe na theluji. Wale wawili wakafuta machozi. Na mimi nikafuta. Nilisahau kabisa kwamba hii siku nimeizaa mwenyewe asubuhi.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimeota nimechorwa kwenye ukuta wa kanisa. Mtakatifu Zapryan. Duara la dhahabu kichwani, boga mkononi, ndevu nzuri kuliko hizi nilizonazo. Watu wanapita wananibusu miguu. Nikaamka, kumbe nimelala na miguu nje ya blanketi na paka ananilamba.

Nimetundika kibao langoni. MABOGA YA SIKU YA BOGA. Mpaka saa nne walishakuja wanawake watatu kuyagongagonga. Hawajanunua bado, wamesema watarudi. Wanayagonga kwa adabu, kama mtu anayebisha mlangoni. Sauti ile jamani! Ningeweza kuisikiliza kutwa.

Nikapita kwa Tsonka. Akaniuliza nimesikia hii habari ya Jumanne? Kuna watu wamemuuliza kama tanuri litakuwa na moto. Nikasema nimesikia kwa mbali. Akafuta mikono kwenye aproni taratibu, kidole kwa kidole, akasema ajabu, ana miaka hajaulizwa swali hilo. Sanduku lake la safari lilikuwa wazi juu ya magunia ya unga. Ndani mlikuwa na soksi tu. Soksi si safari!

Nikarudi nyumbani naelea. Hata ukungu ulinipisha.

Njiani Kolyo kanisimamisha. Hana raha. Siku kama hizi mwaka jana kijiji kizima kilikuwa kinaongea samaki wake tu, atakuwa mnene kiasi gani, atajazwa wali au kokwa za jozi. Mwaka huu boga, boga. Kaniuliza, eti Zapryan, wewe na boga, nani kamzaa nani? Nikamwambia Kolyo ndugu yangu, usiwe na wivu, samaki wako ana mtakatifu mkubwa, mwache na mdogo apumue. Akacheka. Sikuupenda ule mcheko.

Jumamosi, 30 Novemba. Siku ya Dubu

Nimechemsha mahindi ya dubu. Nikayarusha juu kwenye bomba la moshi kama tulivyofundishwa, nikasema chukua dubu, ule yaliyoiva, shamba langu liache. Yakarudi yote. Moja likanipiga jichoni. Pengine dubu kashiba.

Nikakaa chini, punje zote nyweleni, nikawaza. Dubu hajawahi kufanya lolote la maana hapa kijijini, na bado watu wanamwashia moto na kumpikia. Hajui hata kuwa ana siku. Amelala huko juu, theluji inamfunika, na huku chini bibi vizee wanataja jina lake. Hiyo ndiyo raha. Kutajwa umelala.

Nikaenda dukani na jicho langu jekundu. Msiba.

Kolyo naye KAKUMBUKA! Kajiweka mkono kifuani mbele ya benchi lote, kasema babu yake alikuwa hakosi Siku ya Boga hata mwaka mmoja. Na alikuwa anakwenda wapi? Kwa bibi yake Zapryan! Kwa maana boga la siku hiyo haliuzwi, anayeliuza huvuta mvua ya mawe juu ya kijiji. Mwenye boga ndiye mwenye siku. Anafungua mlango, analisha kila anayekuja, bure, kama siku ya jina. Babu yake siku moja alikula mpaka akanasa mlangoni, wakamtoa kwa mafuta.

Nikasema sivyo! Bibi alikuwa anauza!

Bibi Stamena akaniangalia kwa masikitiko. Mwanangu, ulikuwa mdogo. Kisha akageuka akasema sasa anaikumbuka hata harufu. Alikuwa amevaa gauni la buluu. Alipewa vipande viwili.

Nitakana vipi? Nikisema hakuna siku hiyo, mimi mwongo. Nikisema ipo, mimi mwenyeji.

Kolyo akanipiga bega. Kasema atakuja mapema.

Jumapili, 1 Desemba

Kuna njia moja tu. Kanisa.

Baada ya misa nikambana Padri Metodi karibu na mishumaa. Nikamwambia Baba, kuna ushirikina umeingia kijijini, watu wanataka kusherehekea mboga. Tamka neno. Kataza!

Padri akafikiri sana, macho juu. Akauliza, mtatia mdalasini?

Nikasema Baba, hilo siyo suala. Akasema kanisa halilijui boga, lakini halina ugomvi nalo. Tuko kwenye mfungo wa kabla ya Krismasi, nyama hakuna, maziwa hakuna, na yeye tangu wiki ya kwanza anaota maharage yanamkimbiza. Boga lenye jozi na mdalasini ndani ya tabaka nyembamba za unga uliokandwa ni chakula cha mfungo halali kabisa. Atakuja. Ataleta na waimbaji, maana kasikia kuna wimbo.

Nikatoka nje. Theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka, chembe kubwa, polepole, kama mtu huko juu anakung'uta mito. Nikasimama nayo ikinifunika kofia. Nikajaribu kuhesabu viti nilivyonavyo. Kimoja. Cha pili kina boga.

Jumatatu, 2 Desemba

Nilifikiria kukimbia. Basi la mjini halikuja kwa sababu ya theluji. Basi, hata kukimbia kunahitaji usafiri.

Nikayapakia maboga kwenye kigari cha kusukuma, nikaenda kwa Tsonka. Nikamwambia kila kitu ila kile cha mwanzo. Kwamba kijiji kinakuja kwangu kesho, na mimi najua kukaanga yai tu, tena siyo mara zote.

Hakucheka. Alicheka baadaye. Kwanza akafunga kitambaa kichwani, akasema lete kisu.

Tukakata kutwa. Mimi nakata, yeye anakuna. Yeye anatandaza unga kwenye meza mpaka unaona mbao chini yake, kama pazia. Mimi nautoboa, yeye anautandaza upya. Kaniita Zapryan kichwa boga, na kwa sauti ile niliona ni cheo. Moshi wa tanuri ukachanganyika na mvuke, madirisha yakaziba, dunia ya nje ikapotea. Hakukuwa na kijiji, hakukuwa na Burgas. Rangi ya machungwa tu na mikono yake nyeupe ya unga ikielea ndani yake.

Halafu jozi hakuna. Nilisahau jozi! Bila jozi hicho ni chakula cha mgonjwa. Tsonka akasimama akatazama pembeni, kwenye sanduku la safari. Pale kando yake kulikuwa na gunia la jozi, zawadi ya kuwapelekea wajukuu wake wa Burgas. Akalitazama kwa muda. Kisha akachukua kisu akalipasua mwenyewe.

Nikataka kusema kitu kikubwa. Nikasema, kumbe jozi ni nzuri.

Akasema ponda, usiongee.

Jumatano, 4 Desemba. Mtakatifu Varvara

Jana sikuandika. Mikono ilikuwa na mafuta na moyo ulikuwa haujakaa mahali pake.

Walikuja. Wote!

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, nimesimama mlangoni sioni kitu. Nikasema hawaji. Nikasikia theluji inalia chini ya viatu. Halafu wakaanza kutokea, mmoja mmoja, kama wametengenezwa na ukungu wenyewe. Bibi Stamena mbele, gauni la buluu! Padri na waimbaji wake. Wanawake waliogonga maboga. Watu ambao kwangu hawajawahi kupita hata kuuliza njia.

Viti hakuna. Nikayatoa maboga yaliyobaki, nikayapanga, wakakaa juu yake kama kuku wanaoatamia. Hakuna aliyelalamika. Mzee mmoja alisema kiti hiki ni kizuri kuliko cha ofisi ya kata.

Na kila aliyeingia alinishika mkono. Alisema yale maneno ya siku ya jina. Jina lako liishi, liwe na afya!

Nimeyasema maneno hayo maisha yangu yote kwa akina Nikola na akina Ivan na akina Petar. Sijawahi kuambiwa. Wa kwanza alipoyasema niligeuka nyuma kumtafuta anayeambiwa. Nyuma yangu kulikuwa na paka.

Kolyo alikuja mapema, kama alivyoahidi. Aliingia na tabasamu la mtu aliyekuja kuangalia nyumba ikiungua. Akala kipande. Tabasamu likashuka. Akala cha pili. Cha tatu alikula amegeukia ukutani. Mwisho akanishika mkono, akayasema yale maneno kwa meno yaliyofungwa, na unga mwembamba umemganda kwenye masharubu.

Bibi Stamena akaimba. Safari hii wimbo ulikuwa na beti zaidi, msichana wa boga alishapata mchumba. Waimbaji wakaingia na sauti za chini. Padri alifumba macho, mdalasini puani. Mvuke, rakia, ile pombe yetu kali, nyumba inapumua. Nilisimama katikati na sinia tupu nikahisi miguu haigusi sakafu.

Sijauza hata boga moja.

Walipoondoka, Tsonka akabaki kuosha masinia. Mimi nakausha. Nikauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, basi la Burgas ni lini. Akaniuliza kama ninajua mama yake alikaa nyumba gani. Nikasema sijui. Akasema nyumba iliyopakana na ya bibi yangu. Ukuta mmoja. Walikuwa wanaazimana chumvi dirishani.

Sinia likanidondoka.

Akasema bibi yangu alikuwa akisikia harufu ya boga tu anakwenda kutapika nyuma ya zizi. Maboga yote alimpa nguruwe. Na nguruwe naye hakuyapenda.

Nikatazama dirisha. Dirisha halikunisaidia.

Akaliokota sinia, akaliosha upya. Kasema, tangu marehemu mume wake aondoke, hajawahi kuona tanuri lile limejaa hivyo. Kasema, na mtu aliyemwona akipokea maneno ya jina lake, na masikio yamemwiva mekundu kama mtoto, mtu huyo hawezi kumwacha peke yake na kisu na unga. Atakaa mpaka Pasaka. Halafu ataona.

Kwa sharti moja. Nisizue siku mpya tena. Nikaapa. Alinipeleka mbele ya picha ya Mtakatifu Varvara, nikaapa huku nimeshika kitambaa cha kufutia vyombo.

Ijumaa, 6 Desemba. Mtakatifu Nikola

Kijiji kizima kwa Kolyo. Nimekaa kwenye ngazi, mahali pangu pa siku zote. Ila mwaka huu mtu amekaa ngazi moja na mimi, na ana harufu ya mkate. Sanduku la safari liko mvunguni. Soksi zimerudi kwenye kabati. Nimeambiwa, sijaona.

Samaki alikuwa mzuri. Lazima nikiri, na sitakiri mbele ya Kolyo. Mifupa yote tumeitunza kwa adabu, haitupwi, inarudishwa majini. Nimemtakia jina lake liishi, na safari hii nilimaanisha karibu maneno yote.

Kisha akanituma gerejini nilete rakia nyingine. Nikawasha taa.

Mapipa. Mapipa ya kabichi ya siki, mpaka ukutani, mpaka juu ya gari. Yametulia katika baridi ile, yanatoa vipovu vidogo, kama watu waliolala usingizi mzuri. Kolyo akaja nyuma yangu. Akasema kwa aibu, kuna jamaa pale sokoni mjini alimwambia mahoteli yote yanatafuta kabichi. Nikauliza, jamaa mrefu, ana kofia ya ngozi? Akasema ndiyo. Nikamshika bega. Theluji ilikuwa inaanguka nje ya mlango, laini, bila haraka.

Nimeapa sitazua siku mpya. Kiapo ni kiapo. Mimi si mtu wa kuchezea picha takatifu.

Lakini hii si mpya. Hii ni ya kale sana.

Nikamwambia Kolyo, ndugu yangu, unajua marehemu bibi yangu, kule katikati ya Januari, alikuwa na Siku ya Kabichi?

Kolyo akanitazama. Akayatazama mapipa. Akanitazama tena. Halafu akaweka mkono kifuani, akasema babu yake alikuwa hakosi.

Tsonka hajui kitu. Bibi Stamena nimemdokezea tu kidogo, kwa mbali sana, wakati wa kuvaa makoti.

Ameshaukumbuka wimbo.